Kibendera cha Baba yake Hattie

Kila jioni Hattie Sugden wa mji wa Mexborough, Uingereza, aliandaa meza ya chakula, na kila jioni ilimbidi kwanza aziombe nafasi simu mbili na kompyuta moja. Vyombo hivyo vilikuwa vya baba yake, Darren, na vilikaa mezani kama wageni wasiojua kuaga. Sahani ya Hattie ilibanwa pembeni, maharage yakaning'inia karibu na ukingo.

"Baba, sogeza kidogo."

"Dakika moja, mwanangu. Odi za kubeti zinapanda."

Dakika za Darren zilikuwa ndefu kuliko za watu wengine. Mchana alifanya kazi ghalani, akipakia masanduku. Jioni alibeti. Lakini ukitaka kumkasirisha, mwambie anacheza kamari.

"Hii si kamari," alikuwa akisema. "Ni hesabu."

Na kweli ilikuwa hesabu. Kampuni ya kubeti humpa mteja dau la bure ili kumvuta. Darren alilitumia kubeti kwamba timu fulani itashinda. Kisha alikwenda kwenye mtandao mwingine, ambako watu hubeti wao kwa wao, akaweka pesa zake kwamba timu ileile haitashinda. Ikishinda, isishinde, upande mmoja ulifidia mwingine, na kutokana na lile dau la bure alibaki na chochote. Mwezi wa kwanza chochote hicho kilinunua mashine ya kufulia na viatu vya kuchezea mpira vya Hattie. Hilo hakuna aliyelikana.

Tatizo ni kwamba kampuni hizo nazo zinajua kuhesabu. Moja baada ya nyingine zilimshtukia mteja huyu asiyepoteza, zikamnyima madau ya bure kwa maneno ya adabu sana. Yaliyobaki yalikuwa makombo, na Darren aliyafukuzia makombo hayo kama kuku. Alifuatilia ligi za nchi ambazo asingeweza kuzionyesha kwenye ramani. Aliangalia mpira bila kujali nani kafunga, kama mwalikwa wa harusi asiyejali nani anaoa. Viazi viliungua ovenini huku ameketi hatua mbili kutoka hapo.

Zamani jioni zake alizitumia kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, akitengeneza mashine za kukatia majani za majirani. Sasa mashine tatu zilikuwa zimelala humo zikiota kutu. Moja ilikuwa ya mzee Ollerton wa jirani, na majani ya uwanja wake yalikuwa yamerefuka hata paka wake akiingia humo ilibidi aitwe kwa jina ndipo atoke.

Yote hayo Hattie angeyavumilia. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: afunge goli, na baba yake alione. Alikuwa mshambuliaji wa timu ya wasichana ya mtaa wao, timu ambayo msimu mzima haikuwa imepata hata pointi moja. Goli lake pekee alilifunga mwezi wa Oktoba. Siku hiyo Darren alikuwa nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, akitafuta mtandao.

"Nilisikia kelele," alimwambia baadaye, kwa moyo mkunjufu kabisa.

Jumapili ya mechi ya mwisho ikafika, na zamu ya kushika kibendera ikamwangukia Darren. Katika ligi ya watoto hakuna waamuzi wa kutosha, kwa hiyo kila timu hutoa mzazi mmoja asimame kando ya mstari na kuinua kibendera mchezaji akiotea. Wazazi huikimbia zamu hiyo kama chanjo. Hattie alifurahi kimoyomoyo. Mshika kibendera hawezi kwenda nyuma ya chumba cha nguo. Mshika kibendera lazima aangalie.

Hakujua kwamba baba yake alikuwa na dau la bure litakaloisha saa sita mchana, kwa mechi ya ligi ya Japani iliyokuwa ikichezwa saa hizohizo.

Refa alikuwa mzee Ollerton mwenyewe, dereva wa basi mstaafu, mtu asiyependa haraka. Bibi Mavis, mama yake Darren, alikuwa bandani pake kando ya uwanja akiuza chai na mikate ya nyama ya bekoni. Mvua ilinyunyiza. Timu ya Wath, wapinzani wao, ilishambulia, kipa wa kina Hattie akazuia kwa mikono, kwa magoti, na mara moja kwa pua. Mapumziko yakaja bila goli. Kipindi cha pili kikaendelea vivyo hivyo.

Darren alikuwa na kibendera mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, glavu mikono yote miwili. Dau la bure lilikwisha kaa mahali pake. Lile la pili, la kuipinga timu ileile, alikuwa ameliweka kwa kidole gumba, sasa akisubiri mtu wa kulikubali. Akachungulia uwanjani. Akachungulia simu.

Hapo Hattie akaupata mpira. Mabeki wa Wath walikuwa wamepanda wote, ila mmoja aliyeteleza kwenye tope akabaki ameketi. Mbele ya Hattie alibaki kipa tu. Hattie akakimbia, na katika kukimbia akasema moyoni, leo ataona.

Simu ikatetemeka: dau limekubaliwa. Darren akarusha mikono yote miwili juu kwa furaha.

Kibendera nacho kikapanda.

Mzee Ollerton akapuliza kipenga. Hattie hakusikia, alipiga, wavu ukacheza. Alipogeuka kushangilia akakuta watu wote wamemwangalia baba yake, na baba yake ameganda na mikono hewani kama mtu aliyevamiwa na majambazi.

Mzee Ollerton akamwendea polepole.

"Darren, ameotea?"

Darren angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na aibu yote ingemwangukia binti yake. Akamtazama Hattie, tope mpaka masikioni.

"Hapana. Hakuotea."

"Basi kibendera kimepanda kwa sababu gani?"

Darren akaishusha simu taratibu. "Kuna mtu amekubali dau langu la mpira wa Japani."

Baba mmoja wa Wath alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mama mmoja wa Mexborough aliuliza kama Japani wanahitaji mshika kibendera, maana huyu wao wangempeleka bure na nauli juu. Lakini mzee Ollerton hakucheka. Aliwaeleza wote kwamba kipenga kilikwisha lia kabla mpira haujaingia, na kipenga kikilia mpira umekufa. Goli hakuna.

Hattie akasogea mpaka mstarini. Hakupiga kelele.

"Baba, hata hilo hukuliona?"

Darren akainamisha macho kwenye simu, maana kuitazama simu kulikuwa rahisi kuliko kumtazama mtoto. Ndipo akaona alichokifanya kidole gumba chenye glavu: kwenye mtandao wa pili nako alikuwa amebeti kwamba timu ileile itashinda. Upande mmoja mara mbili. Angeweza kurekebisha, ilihitaji dakika moja tu. Lakini mzee Ollerton alikuwa ameshika mpira, tayari kuudondosha mchezo uendelee.

Bibi Mavis alikuwa amekuja na birika ili asikose uhondo.

"Mama," Darren akasema, "nishikie hii."

"Ikilia niipokee?"

"Usiipokee."

Bibi Mavis akaitumbukiza simu kwenye ndoo ya mikate ya bekoni, akafunika, akaikalia.

Darren akabaki na kibendera peke yake. Akakimbia na mstari kama mtu anayefukuzwa, akiteleza, akiinuka, macho kwenye miguu ya wachezaji. Zikibaki dakika chache, pasi ndefu ikamfikia Hattie, akaituliza kwa kifua, akapiga. Wavu ukacheza tena.

Kibendera kikapanda tena.

Upande wa Mexborough uliguna kwa pamoja. "Darren, Japani tena?"

"Hapana," Darren akasema, na sauti yake haikutetemeka. "Ameotea. Kwa urefu wa kiatu."

Watu wakamgeukia Hattie waone machozi. Hattie alikuwa anatabasamu. Alijua ameotea, alilihisi tangu pasi inaondoka. Ila urefu wa kiatu! Mtu hawezi kujua ni kiatu kimoja bila kuangalia kwa macho mawili.

Mechi ikaisha sufuri kwa sufuri. Ilikuwa pointi ya kwanza ya msimu, na wasichana walishangilia kama waliotwaa kombe.

Bandani, simu ilitolewa ikinukia bekoni. Timu ya Japani aliyoibetia ilikuwa imefungwa. Dau la bure liliyeyuka, na pauni arobaini za Darren mwenyewe zikalifuata.

"Mwezi huu ulikuwa umepata ngapi kabla ya leo?" Bibi Mavis akauliza.

"Thelathini na mbili."

"Kwa saa ngapi?"

Hattie akamjibia baba yake: kila jioni, tangu chakula mpaka kulala.

"Hesabu zako ni sahihi, mwanangu," Bibi Mavis akasema akimmiminia chai. "Ila kuna kitu hukukihesabu: bei ya jioni zako. Faida inayokula mtoto na viazi si faida. Halafu hesabu inataka mtu asikosee hata mara moja, na wewe una vidole kumi tu. Mshika mbili moja humponyoka, na leo nusura wewe zikuponyoke zote. Nawe Hattie, mtu akikuambia kuna pesa bila jasho, muulize kwanza anakula chakula chake saa ngapi."

Mzee Ollerton, mdomo umejaa mkate, akasema yeye angelipa vizuri na leo hii mashine yake ya majani itengenezwe, mradi amwone paka wake tena.

Jumatatu jioni meza ilikuwa na sahani tu. Baada ya chakula taa ya kibanda iliwaka. Hattie alishika spana, baba yake akalala chini ya mashine, mikono myeusi kwa grisi.

"Ungechelewa kidogo tu kukimbia," sauti yake ikatoka huko chini, "lile lingekuwa goli zuri sana."

"Najua," Hattie akasema. "Simulia tena ulivyoliona."