Jina Ubavuni mwa Mashua

Walipofika Nang'omo, kijiji cha kwanza, mashua ilikuwa imezama mbele vidole viwili zaidi ya ilivyopaswa.

Omollo alikuwa na hakika kwa sababu alikuwa amepima. Asubuhi ile, kwenye lango la maji nje kidogo ya Lodwar, mizigo yote ilipokwisha kupakiwa, alichora mstari wa penseli mbele na mwingine nyuma, pale maji yalipogusa mbao. Alikuwa amefanya kazi ya uhandisi wa maji kwa miaka thelathini na minne, na hakujua kusafiri bila kupima. Sasa mstari wa nyuma ulikuwa palepale. Wa mbele haukuonekana.

Alikagua sakafu, ilikuwa kavu. Alihamisha debe la petroli kutoka mbele hadi nyuma, akapima tena kwa vidole. Hakuna kilichobadilika.

"Kuna mtu amekaa huko mbele," Ekai akasema, akacheka, kisha akaacha kucheka kabla ya mwenzake kujibu.

Ekai alikuwa mlinzi wa malango ya mfereji, Mturkana wa makamo aliyejua kila mahali palipojaa mchanga. Omollo alikuwa amemwomba amsindikize kilomita thelathini na moja, kutoka mtoni Turkwel hadi Lokatul, mwisho wa maji. Haikuwa safari ya kazi. Omollo alikwisha kustaafu. Yeye na mkewe Awino, aliyekuwa muuguzi Kakuma kwa miaka ishirini na miwili, walikuwa wamekubaliana kwamba siku watakayoacha kazi watanunua mashua ndogo na kuusafiri mfereji huu wa zamani polepole, wakilala katika kila kijiji. Awino alifariki mwezi wa tatu. Akazikwa Ugenya, kwao Omollo, mbali na maji haya. Mashua ilinunuliwa mwezi wa saba kutoka kwa wavuvi wa ziwani, na Omollo mwenyewe akaandika jina ubavuni kwa rangi nyeupe, herufi za kimo cha shubiri: AWINO.

Dada yake alimgombeza kwa simu. Binti yao, Ajwang, alikuwa mjamzito Kisumu, na ukoo mzima ulikuwa ukingoja. Kwa Wajaluo jina la marehemu halichukuliwi ovyo. Marehemu mwenyewe huja ndotoni kuliomba, na hapo ndipo mtoto hupewa. Kila wiki Ajwang alimuuliza baba yake kama mama amemjia. Hakuwa amemjia. Hakuwa amemjia mtu yeyote. Omollo, ambaye tangu chuo kikuu aliyaona mambo hayo kuwa hadithi za wazee, aligundua kwamba alikuwa akilala mapema ili kumpa nafasi. Miezi minne ilipopita bila ndoto, alichukua brashi. Kama Awino hataki kuliomba jina lake, basi yeye atalitoa bila kuombwa.

Pale Nang'omo wanawake waliokuwa wakichota maji walilisoma jina kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, wakamuuliza Awino ni nani. Aliwaeleza, kama alivyowaeleza watu langoni Lodwar: mke wangu, muuguzi wa Kakuma, alipenda chai ya tangawizi, amefariki. Walimpa pole. Mmoja wao, mcheshi, alilirudia jina mara tatu akilielekeza majini, kama mtu anayemwita jirani.

Walipoondoka Nang'omo, Ekai alitupa chembe za tumbaku majini na kuyasalimu maji kwa Kiturkana, ejok, kama alivyofanya asubuhi. Halafu akasema kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye ukingo.

"Injinia, hii jina tusiite kwa maji."

Omollo akamuuliza sababu. Ekai alieleza taratibu. Mfereji ulichimbwa mwaka wa njaa, kabla ya uhuru. Watu walikuja kutoka pande zote, hata kutoka ng'ambo ya mpaka wa Nadapal, kwa sababu ukichimba ulipewa kikombe cha mahindi ya njano. Wengi walifika wakiwa wamekwisha. Mtu alianguka na jembe mkononi, na wenzake wakamfunika kwa udongo uleule aliokuwa ameuchimba, kwa kuwa hakuna aliyemjua. Baba yake Ekai alichimba hapo. Kila alipopita kwenye ukingo huu alitupa tumbaku, na hakuwahi kuita jina la mtu yeyote mpaka afike nyumbani.

Omollo alikuwa ameisoma faili ya mfereji ule. Ilitaja idadi ya majembe, idadi ya magunia, na urefu uliochimbwa kila wiki. Hapakuwa na jina hata moja la mchimbaji. Alimwambia Ekai hivyo, kama taarifa tu. Ekai akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa jambo.

Kabla ya saa nne kulianza kunuka. Haikuwa harufu ya maji wala ya miti ya mathenge iliyofunga kingo zote mbili kwa miiba. Ilikuwa harufu ya mahindi ya zamani yanayochemshwa, mahindi yaliyokaa ghalani mpaka yakawa machungu. Ilitoka mbele ya mashua. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka nyuma.

Kijiji cha pili kilikuwa Kalotum. Omollo alipima kabla ya kushuka: vidole vinne.

Kwenye gati la mawe alikaa mwanamke aliyeuza makaa na tumbaku, kitambaa chekundu kichwani, shanga zimejaa shingoni. Ekai alimwita Mama Nakeno, akamsalimu kwa heshima iliyozidi ile ya mteja, kisha akamnong'oneza Omollo kwamba baba wa mama huyu alikuwa emuron, mganga aliyeona mambo, na watu wa hapa walisema binti amerithi. Nakeno aliitazama mashua kwa muda mrefu. Halafu akaingia majini mpaka magotini na kuliziba jina kwa viganja vyake viwili, kama mtu anayemziba mtoto macho.

"Nani ameandika hii?"

Omollo akasema ni yeye.

"Wewe umesoma, nasikia. Injinia wa maji. Unajua maji inatoka wapi na inaenda wapi." Hakutabasamu. "Ukipita na ugali mbele ya watu wenye njaa, si watakufuata? Hawa wa hapa hawana jina. Wewe umepita ukiwaonyesha moja, nyeupe, kubwa."

Alimwambia akwangue rangi ile saa hiyohiyo, kabla ya kuondoka. Omollo akajibu kwa adabu kwamba ni jina la mke wake na halikwanguliwi kama uchafu. Nakeno alimtazama usoni, akaona kitu kilichomfanya apunguze ukali. Alitoka majini, akakamua leso yake.

"Basi sikia moja tu. Ikikuuliza yeye ni nani, usijibu. Hata ukisikia ni sauti ya bibi yako. Nyamaza mpaka Lokatul."

Omollo hakumpuuza. Jambo hilo alilikubali baadaye, alipokuwa peke yake: alimsikia vizuri, akamwelewa, na moyo wake ukaruka kwa furaha, kwa sababu neno moja tu lilibaki masikioni. Sauti.

Baada ya Kalotum mfereji hupita katikati ya kilima, na kingo huwa ndefu kuliko nyumba. Waliingia humo saa sita kasoro, jua likiwa juu ya vichwa, hakuna kivuli hata cha mwiba. Injini ikazima. Ekai alivuta kamba mara nane, mara tisa, akaacha. Mashua ikaendelea kuelea na maji, polepole, na katika ukimya ule wakasikia jembe likiingia udongoni. Mara moja. Kisha mengine, ndani ya ukingo wenyewe, kulia na kushoto, kwa mwendo wa watu waliochoka sana wanaojua kwamba wakiacha hawatapewa kikombe. Na harufu ya mahindi ikawa nzito kiasi kwamba Omollo aliionja ulimini. Na mbele ya mashua, juu ya sakafu iliyokuwa kavu, paliota alama mbili za udongo mbichi, nyayo za mtu mwembamba, vidole vimeelekea kwake, na ubao wa kukalia uliokuwa mbele ukapinda taratibu katikati, kama ubao unavyopinda mtu anapojikalisha kwa uangalifu asiisumbue mashua.

Ekai alijifunika uso kwa shuka lake.

"Mimi muuguzi," sauti ikasema. Ilikuwa sauti ya mwanamke, iliyokwaruza kwa vumbi. "Kakuma. Napenda chai ya tangawizi."

Omollo alikuwa mtu wa vipimo, na hata wakati huo alipima. Aliuliza kwa sauti ndogo mahali alipokutana na Awino mara ya kwanza. Majembe yaliendelea. Hapakuwa na jibu. Akauliza Awino alikuwa akimwita nani walipokuwa peke yao nyumbani. Hapakuwa na jibu. Sauti ilijua tu yale aliyokuwa amewaambia watu njiani. Haikujua zaidi ya hapo hata neno moja. Jawabu lilikuwa wazi kama hesabu ya kujumlisha. Huyu hakuwa yeye.

"Nina njaa," sauti ikasema. Kisha, kama mtoto anayeuliza jambo ambalo wengine wote wanalijua, "Mimi ni nani?"

Nyamaza mpaka Lokatul. Alikumbuka. Ekai alimshika mkono, akaubana mpaka ukauma. Omollo alizitazama zile nyayo na akafikiria miezi minne ya kulala mapema, chumba kitupu, ndoto zisizokuja, na jinsi ambavyo duniani hapakuwa na mtu mwingine wa kumjibu kwa jina lile. Na ijapokuwa alijua, alijua kabisa, akafungua mdomo.

"Wewe ni Awino," akasema.

Majembe yakanyamaza. Ubao ukanyooka. Mashua ikainuka mbele kwa mtikiso mmoja, na mstari wa penseli ukatokea juu ya maji, ukidondosha matone. Injini iliwaka kwa mvuto wa kwanza.

Omollo alisema kwamba imeondoka. Ekai alikuwa akilia bila sauti.

"Hapana, Injinia. Ilikuwa inaomba. Sasa imepata."

Waligeuza mashua na kurudi Kalotum. Nakeno hakuhitaji kuelezwa. Alimpa Omollo panga na kumwamuru akwangue jina kwa mkono wake mwenyewe, herufi moja moja, kisha akayakusanya magamba ya rangi ndani ya jani la mkoma pamoja na tumbaku na konzi ya unga, akayazika ukingoni huku akiimba kwa sauti isiyopanda. Alipomaliza alikaa chini, jasho likimtiririka.

"Siwezi kumnyang'anya kitu amepewa na mwenyewe," alisema. "Nimemfunga tu, akae hapa na jina yake. Lakini ni yake sasa. Kwenu ikiitwa tena, ataitika yeye."

Omollo akamweleza habari za Ajwang, mtoto anayetarajiwa, na jina linalongojwa. Nakeno alifumba macho.

"Mpigie leo. Mwambie huyo mtoto apewe jina ingine. Yoyote. Leo, baba, si kesho."

Kalotum hakukuwa na mtandao. Lodwar ulikuwapo. Alifika jioni, akakaa kitandani katika nyumba ya wageni na kuandika ujumbe: Usimpe mtoto jina la mama yako. Aliusoma. Tangu mazishi mtoto huyu alikuwa akingojwa ili Awino awe na mahali pa kurudi. Kumkataza Ajwang kulikuwa kumzika mkewe mara ya pili, tena kwa mkono wake, na siku hiyo mkono huo ulikuwa umekwisha kukwangua. Aliufuta ujumbe. Hakuna ndoto, alijiambia. Bila ndoto hawatampa. Akazima simu.

Aliiwasha baada ya siku mbili, Kakuma, katika nyumba waliyopanga na Awino, akiwa amekaa kati ya makasha ya vitu vyake. Iliita papo hapo. Ilikuwa sauti ya Ajwang, imechoka na ina furaha.

"Baba, tumekutafuta. Umekuwa babu. Ni msichana. Alizaliwa juzi, saa sita mchana."

Omollo akauliza kama wote wazima. Wazima, akasema Ajwang. Na kulikuwa na jambo lingine. Usiku wa jana, hatimaye, mama alikuja. Alisimama mlangoni mwa wodi, amekonda sana, miguu imejaa udongo, akaliomba jina lake. Ajwang alimuuliza kwa nini amechelewa hivi. Akajibu kwamba hakujua yeye ni nani mpaka Baba alipomwambia.

"Kwa hiyo tumempa," Ajwang akasema. "Shangazi amelia kwa furaha. Baba, uko?"

Alisema yuko hapo, anasikia. Akauliza mtoto ananyonya vizuri.

"Hashibi. Ananyonya mpaka naumia, na bado analia." Ajwang akasita, na sauti yake ikashuka kama ya mtu anayeogopa kuchekwa. "Na kuna kitu, Baba. Ni kadogo, kilo mbili na nusu, wamempima mbele yangu. Lakini nikimlaza, upande wake godoro linazama. Kama mtu mzima amekaa."

Omollo aligeuka kutazama nyuma yake. Dirishani hapakuwa na mtu. Swali lilimtoka kwa mazoea ya miaka thelathini na minne.

"Linazama kiasi gani?"

Alimsikia binti yake akisogea, akiweka mkono kitandani, akipima.

"Vidole viwili," Ajwang akasema. "Ngoja. Vitatu."