Ekuteri za Tshiamala

Ndugu wa mtaa wetu, na ninyi mnaosoma mkiwa mbali, sitapaza sauti katika habari hii. Nitaeleza yaliyowapata jirani zangu, nanyi mtaamua wenyewe kama yanawahusu.

Nyumba ya Tshiamala ilikuwa nyumba ya amani. Yeye anafanya kazi zamu ya usiku katika maabara ya mgodi mmoja hapa Kolwezi, kupima udongo na kusema una shaba kiasi gani. Mkewe, Ntumba, anauza vitenge sokoni. Waliishi na mama yake Ntumba, Mamu Kanyinda, ambaye miguu ilikuwa imemwisha nguvu. Asili yao ni Kasai, na kwao heshima ya ukwe si mchezo: mwanamume haingii chumba cha kulala cha mama mkwe wake, wala hamshiki mkono. Kwa hiyo kati ya hao wawili kulikuwa na sauti tu. Mama aliita kutoka kitandani, mkwe akaitika kutoka mlangoni, na hivyo ndivyo walivyopendana miaka minne.

Sauti hiyo ilikuwa na kazi kubwa kuliko salamu. Mtaa wetu unapakana na shimo la mgodi. Wanapotaka kulipua mwamba, mara nyingi saa nane mchana, king'ora hulia, nasi sote hutoka na kusimama barabarani, maana nyumba zetu ni za zamani na kuta zina nyufa. Mamu Kanyinda hakuweza kutoka peke yake. Akisikia king'ora aliita, Tshiamala aliitika, kisha alikwenda kumwita jirani, Mama Micheline, aje ambebe hadi kwenye kiti cha magurudumu. Asipoitika mtu, mama yule alibaki chini ya ukuta. Kila mmoja wetu alilijua hilo.

Basi Tshiamala akanunua ekuteri, zile ndogo za kusikilizia muziki na simu, zisizo na waya, zinazokaa ndani ya sikio. Muuzaji alimwapia kwamba zinafuta kelele zote. Mtu wa maabara haamini kiapo cha muuzaji. Kwa kuwa alikuwa likizoni, alifungua daftari akaanza kuzipima kwa matumizi ya kila siku, kila jambo na alama zake.

Daftari hilo nililiona baadaye, na nakiri lilikuwa kazi safi. Kukaa sikioni juu ya pikipiki, barabara ya Mutoshi: nane juu ya kumi, ya kushoto ilitaka kudondoka. Kuongea na simu sokoni: sita, Ntumba alisema anawasikia wauza samaki kuliko mume wake. Chaji: saba, zilidumu saa tano, na kijisanduku chake kiliziokoa umeme ulipokatika. Sisi tunaoishi jirani na bwawa la umeme la Nzilo tunalijua giza kuliko watu wote. Vumbi: tano.

Siku ya tatu Ntumba alisimama mbele yake hadi akazitoa, akamwita Tata, kama kwao wanavyomwita baba wa nyumba.

"Tata, nimekuita mara tatu. Chakula iko mu meza."

"Ndiyo vizuri," akajibu Tshiamala huku akiandika. "Maana yake zinatumika, kelele haiingii."

"Na mama akikuita?"

"Mama nitamusikia. Mi niko tu hapa."

Ntumba alicheka. Hata mimi ningecheka. Lakini bandu bandu huisha gogo, jamani: leo hukusikia unaitwa chakula, kesho husikii mtu anayeita ili kuokoa roho yake.

Jumanne Ntumba alikwenda sokoni. Tshiamala alikaa katika chumba kinachopakana na cha mama mkwe ili apime jambo la mwisho, kufuta kelele. Akatia muziki. King'ora kikalia, nasi tukatoka. Mama Micheline alingoja kuitwa, hakuitwa, akagonga geti la bati mara mbili. Kimya. Kwa kawaida Jumanne ndiyo siku ambayo Mamu Kanyinda hupelekwa kituo cha afya kunyooshwa miguu, basi akadhani wamekwenda wote, akaja kusimama nasi. Nilikuwa ubavuni mwake. Mimi nami sikuuliza, na hilo linanichoma mpaka leo.

Ndani, Tshiamala aliandika: "Saa nane na dakika tano. Kelele ya nje haiingii hata kidogo. Kumi juu ya kumi."

Kisha meza ikatikisika na vumbi likapita chini ya mlango. Akazing'oa masikioni akatoka. Ukuta wa chumba cha pili ulikuwa umeangukia kitanda.

Mama Micheline alipofika mbio, alimkuta amesimama kizingitini akiita, "Mamu? Mamu?" Alikuwa akingoja aitikiwe. Miaka minne alikuwa hajavuka kizingiti kile, na hata wakati huo miguu ilikataa.

"Ingia, tata," Mama Micheline alimwambia. "Heshima gani tena? Ingia tutoe matofali."

Akaingia. Alimbeba mama mkwe wake mikononi hadi barabarani, naye alikuwa bado anapumua.

Aliishi siku nne hospitalini. Ntumba aliliokota daftari sakafuni, akasoma ile saa, akalifunga. Siku ya tatu jamaa walifika kutoka Kisenge, na kama ilivyo desturi ya jamaa, walitaka kujua kosa ni la nani. Tata Muamba, kaka wa mgonjwa, akauliza mkwe alikuwa wapi.

Mamu Kanyinda alijibu polepole. "Musimusumbue. Hakukuwa mu nyumba. Nilimuita mara saba. Angekuwa mu nyumba, angeitika. Miaka ine yote, hakukosa kuniitika hata siku moja."

Tshiamala alikuwa amesimama nje ya mlango wa wodi, kama inavyompasa mkwe. Alisikia kila neno. Ntumba akatoka akasimama mbele yake.

"Ingia umuambie," alisema. "Mama asikufe na uongo."

"Nitamuambia kesho."

Kesho yake asubuhi Mamu Kanyinda alifariki.

Msibani Tata Muamba alisimama mbele ya watu, akamshukuru mkwe wao kwa sababu dada yake hakuwahi kuita bure katika nyumba ile. Watu wakaitikia kwa kichwa. Ntumba alitazama chini. Tshiamala alipewa nafasi ya kusema neno, akafungua kinywa, akakaa.

FUNZO

Ekuteri hazina dhambi, hata mimi ninazo. Lakini unapopima kitu cha matumizi ya kila siku, jiulize kwanza ni nani anayekutegemea umsikie, na nini kitampata usipomsikia. Mwenye mzee, mgonjwa au mtoto nyumbani, aache sikio moja wazi. Nasi majirani, geti likinyamaza, tusijipe jibu wenyewe, tuingie tuone. Na wewe uliyekosa, kiri leo. Msamaha huombwa kwa aliye hai. Ukimngoja afe, atakuachia sifa usiyostahili, na hutapata pa kuirudisha.