Rangi Ziliisha, Migomba Haikuisha

Kila jioni msichana mmoja alirudi kutoka chekechea na maswali mapya. Kwa nini kuku hana meno? Kwa nini ndizi haina kokwa? Nyumbani wakamwita Kwanini. Jina lake halisi lilibaki kwenye kadi ya kliniki.

Jioni moja alimkuta bibi yake jikoni. Bibi alikuwa anamenya ndizi mbichi, nyembamba kama vidole vya mtoto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Kitendawili!"

"Tega!"

"Nguo juu ya nguo, ukinivua zote hunioni."

"Kitunguu!"

"Wapi!"

"Kitunguu kikubwa!"

Bibi alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa mji wa kuku wote."

"Haya, nimekwenda huko, nimekula mayai, nimerudi. Jibu ni mgomba. Lile shina ni majani yaliyokumbatiana tu. Ukiyabandua moja moja, mti huuoni."

Baba yake Kwanini aliingia, jembe begani. Akazitazama zile ndizi.

"Mama, hizi ni ndizi au njiti za kiberiti?"

"Zikifika tumboni ni zilezile."

"Hapana, Mama. Jumamosi nang'oa kile kichaka chote cha migomba. Hapo nitajenga banda la kuku."

Bibi alizivuta zile ndizi karibu naye. Migomba ile aliipanda yeye, nyuma ya jiko. Tangu siku aliyoipanda hakumruhusu mtu kukata chipukizi hata moja. "Mtoto hafukuzwi kwao," alisema kila mara. Basi machipukizi yakaota, yakasongamana kama watu kwenye foleni ya maji.

Kwanini naye alikipenda kile kichaka. Mle kichakani mlikuwa na ubaridi mzuri. Ndimo alimocheza, ndimo alimojificha akiitwa kuoga. Jumamosi haikuwa mbali.

Kesho yake, chekechea, Mwalimu aligawa karatasi zenye picha ya migomba. Watoto wote wakakimbilia kalamu ya njano.

"Mbona ndizi zote njano?" Mwalimu aliuliza. "Zikiwa bado mgombani, changa, zina rangi gani?"

"Kijani!"

"Na zikiiva sana?"

"Zina madoa ya kahawia," alisema Kwanini. "Hizo ndizo tamu."

"Vizuri. Sasa tazameni mashina. Huyu mwenye mkungu ni mama. Mpakeni nyekundu. Huyu anayemfuata ni binti yake. Mpakeni bluu. Na huyu mdogo ni mjukuu. Mpakeni rangi ya chungwa."

Kwanini alipaka, kisha akageuza karatasi, akatazama nyuma.

"Unatafuta nini?"

"Wengine, Mwalimu. Kwetu wako wengi."

"Wengi kiasi gani?"

Kwanini alitanua mikono mpaka akampiga jirani yake kikumbo. Mwalimu akacheka, akampa karatasi tupu na boksi la kalamu za rangi. "Kawachore. Kila mmoja na rangi yake."

Mchana Kwanini alikaa mbele ya kichaka, akachora. Mgomba wa kwanza nyekundu. Wa pili bluu. Akaendelea na chungwa, zambarau, waridi, kahawia. Hata nyeupe aliitumia, ingawa haikuonekana. Kisha akakimbia jikoni.

"Bibi! Rangi zimeisha, migomba haijaisha!"

Bibi alifuta mikono, akaishika karatasi. "Na mama yao ni yupi?"

"Sijui. Nionyeshe wewe, uliyewapanda."

Bibi alitoka, akapenyeza kichwa kichakani. Akashika shina hili, akashika lile. Hakujua nani mama, nani mtoto. Yote yalikuwa membamba, yamerefuka kutafuta jua, yameinama huku na huku. Mkungu mmoja ulining'inia humo, mdogo kama ufagio uliochakaa.

"Kwa nini?" Bibi alijiuliza kwa sauti.

"Hilo ni jina langu," alisema Kwanini.

Jioni walimwita Mwalimu, maana alikaa nyumba ya jirani. Baba naye alisimama pale, ameegemea jembe, akamweleza habari ya banda la kuku.

"Bibi," alisema Mwalimu, "ukipika sufuria moja ya uji, ukaita watoto wa mtaa mzima, nani atashiba?"

"Hakuna. Watalamba vijiko."

"Ndivyo ilivyo hapa. Udongo ni uleule, maji ni yaleyale, walaji ni wengi. Shimo moja linawatosha mama, binti na mjukuu tu. Wengine watoke."

"Niwaue wajukuu zangu?"

"Si kuwaua, Bibi. Waozeshe! Chipukizi lenye afya unalichimbua na mizizi yake, unalipeleka kwake."

Bibi alicheka, akajishika mdomo. "Kumbe ni harusi! Na mahari je?"

"Samadi, ndani ya shimo lake. Kati yake na mwenzake acha nafasi ya watu wazima wawili kulala, kichwa cha huyu miguuni kwa yule."

"Na tunamchagua yupi?" Kwanini aliuliza.

"Mwenye majani membamba kama upanga na shina nene chini. Mwenye majani mapana angali mdogo humdanganya mtu. Anapendeza, lakini mizizi yake ni dhaifu."

"Kama wachumba wengine," alisema Bibi.

Baba alikohoa. "Na ikizaa njiti tena?"

"Ipe mwaka, ndugu yangu. Banda lijenge kule mbele."

Baba alimtazama mama yake, akamtazama binti yake. "Mwaka mmoja. Ikishindwa, nang'oa."

Jumamosi jembe lilifanya kazi, lakini kwa kuchagua. Kwanini alifunga vitambaa kwenye waliobaki: chekundu, bluu, chungwa. Wengine walipelekwa makwao, Bibi akiwapigia vigelegele. Majani makavu waliyatandaza chini, ili unyevu usikimbie. Jua likafika ardhini. Kichaka cha kujificha hakikuwepo tena, na Kwanini alinuna siku nzima.

Mwaka ulizunguka. Yule wa kitambaa chekundu alikuwa amekwisha zaa ule mkungu wake mdogo, akakatwa Kwanini akiwa shuleni. Binti, wa bluu, alinenepa. Akatoa ua la zambarau, akazaa mkungu mzito hata Baba akamwekea mti wenye panda asianguke. Siku ya kuvuna, Baba na Bibi waliubeba pamoja, wakapumzika njiani.

Kisha Baba akarudi na panga, akalikata lile shina. Kwanini alipiga kelele.

"Kwa nini unamkata? Amezaa vizuri!"

Baba alichutama karibu naye. "Mgomba huzaa mara moja tu, mwanangu. Tutamkatakata, tumtandaze hapa hapa, awalishe waliobaki."

Kwanini alifikiri. "Basi mjukuu sasa ndiye mama?"

"Ndiye."

"Na binti yake ni huyu hapa?"

"Ni huyo."

"Na mjukuu mpya yuko wapi?"

Baba alichungulia chini ya shina. Bibi akapiga magoti. Wote watatu wakainamisha vichwa, wakafukua majani makavu taratibu kwa vidole, wakimtafuta.