Kanda Isiyoandikwa

Saa sita kasoro dakika nne, ukumbi wa kituo cha redio ulikuwa kama mzinga uliopigwa teke. Wasoma habari walikimbia na karatasi mkononi, matarishi wakapigana vikumbo, na mkurugenzi alikuwa amejifungia ofisini, maana wakubwa kelele za kazi huziita kero. Katikati ya vurugu hiyo alipita fundi mmoja mwembamba amebeba kanda saba, moja juu ya nyingine, ile ya juu ameibana kwa kidevu.

Hakumwona msichana aliyetokea mapokezi. Gauni la manjano la marinda, kilemba kimefungwa upande, viatu vyeupe. Paa! Kanda ya juu ikaruka, ikabiringika sakafuni ikijimwaga, utepe wa kahawia ukatambaa mpaka chini ya benchi la wageni.

“Usikanyage!” fundi alipiga kelele. “Hapo umesimama juu ya waziri!”

Msichana akainua mguu mmoja kama korongo. “Waziri? Mbona mwembamba hivi?”

“Hotuba yake yote hiyo. Dakika arobaini.”

“Basi nimshindilie kisigino, watu wapumzike.”

Fundi alicheka mpaka kanda nyingine mbili zikamponyoka. Ndivyo walivyojuana: yeye amepiga magoti akizungusha kanda kwa kidole, msichana akimlishia utepe kwa ncha za kucha. Alikuwa mtangazaji mpya wa kipindi cha salamu, na kabla ya mwezi kwisha jengo zima lilimwita Dada Salamu. Fundi naye walimwita Wembe, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kukata kanda kwa wembe, kutoa vikohozi na vigugumizi, kisha kuziunganisha ncha kwa gundi mtu asijue kama palikatwa.

“Leo umenikata wapi?” Dada Salamu alimuuliza kila jioni kwa simu ya ndani.

“Umevuta pumzi kwa nguvu mara tisa, mpenzi. Nimezitoa zote.”

“Muuaji wewe! Mwanamke asiye na pumzi utamfanyia nini?”

“Nitamwazima zangu.”

Kwenye simu alikuwa simba. Ana kwa ana ulimi ulimganda. Kwa hiyo alipotaka kuposa alijirekodi, akayaunga maneno yake mwishoni mwa kanda ya kipindi, na Dada Salamu alipokuwa akikisikiliza kipindi chake akayakuta masikioni: “Dada Salamu, wazee wangu wakija kwenu, watapewa kiti?”

Alifunika mdomo, akatoka mbio. Lakini moyoni alishaamua. Aliyeulizwa kwa kanda atajibu kwa kanda. Alhamisi alingoja studio iwe tupu, akasema yake, akaitia kanda kwenye sanduku lake la karatasi ngumu na kuliweka kwenye rafu ya Wembe. Juu ya sanduku hakuandika kitu. Aliona haya, matarishi wangesoma.

Hapo ndipo wakubwa walipotia mkono. Kanda mpya waliziona ghali, na mkurugenzi, ambaye hakujua kichwa cha mashine wala kisogo chake, akatoa waraka: kila kanda ambayo sanduku lake halikuandikwa ifutwe, itumike upya. Waraka ulifika Ijumaa asubuhi. Saa nne kazi iwe imekwisha. Wembe angeweza kuzisikiliza kwanza. Waraka haukumwambia asikilize. Akawasha sumaku ya kufutia, pana kama sinia, akazipitisha juu yake moja baada ya nyingine huku anapiga mluzi. Ya sita ilikuwa na sauti ya Dada Salamu ikisema ndiyo.

Mchana simu ikalia.

“Umekiona nilichokuwekea kwenye rafu?” Sauti ilikuwa ya chini.

Wembe akageuka kutazama. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na rafuni palikuwa na mwavuli wa maua ya waridi uliosahauliwa na karani mmoja. Akatabasamu. Kumbe ananionea huruma nisilowe!

“Nimekiona, mpenzi.”

“Na... unasemaje?”

“Kizuri, ila mimi na kitu kama kile wapi na wapi? Watu watanicheka. Mpe mwingine.”

“Nimpe mwingine?”

“Mpe tu, yupo atakayekihitaji. Mimi mwanamume, nitavumilia.”

Simu ikakatika. Wembe alidhani ni waya mbovu, maana ni lini wakubwa waliwahi kutengeneza waya? Jumatatu Dada Salamu hakuja kazini. Wiki ya pili alihamia kituo cha mji mwingine, kwa ombi lake mwenyewe. Mwezi wa tatu kadi ya harusi yake ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo.

“Kumbe jibu ndilo hili,” Wembe alijisemea. Hakumuuliza yeye, hakumuuliza mtu. Baadaye alioa mwanamke mwema, akaishi naye miaka ishirini na sita, akamzika.

Kompyuta zikaja. Vijana wakawa wanakata sauti kwa kidole bila kugusa kitu, na amri ikatoka juu kwamba kanda zote zitupwe, hata zile ambazo hazikunakiliwa. Aliyetia saini hakuwahi kuunga hata kipande kimoja. Wembe, aliyekwisha kustaafu, aliitwa siku mbili kuwafungulia stoo. Alikuwa akibeba rundo la mwisho kulipeleka kwenye lori uani aliposikia sauti nyuma yake.

“Mpaka leo unabeba kwa kidevu?”

Shali ya kijivu, miwani, mvi zimefungwa vizuri. Sauti ilikuwa ileile.

“Dada Salamu!”

“Wajukuu wanataka kusikia bibi yao alivyokuwa akitangaza. Nimechelewa?”

“Zako zimeshapakiwa, ziko chini kabisa. Mume hajambo?”

“Anaumwaumwa. Na mkeo?”

“Nimemzika, mwaka wa nne huu.”

“Pole, Wembe.” Akavua miwani, akaifuta. “Niambie leo, tumeshazeeka. Jibu langu lilikukera nini?”

“Jibu gani?”

“La kwenye kanda. Nilikuwekea rafuni. Ukasema nimpe mwingine.”

“Kanda? Mimi nilikuwa nasema mwavuli!”

“Mwavuli upi?”

Wembe akaketi juu ya masanduku. Kila mmoja akasimulia upande wake, mpaka pande mbili zikakutana kwenye sumaku.

“Nilisema ndiyo,” alisema yule mama. “Nikasema uwahi kabla ya Jumapili, kuna watu wanakuja kwa baba. Jumapili walikuja. Wewe hukuja.”

“Wakubwa hawa!” Wembe alinyanyuka. “Waraka wao! Wamenifutia maisha kwa ubahili wa kanda moja!”

Dada Salamu alimwacha amalize.

“Haya, mkurugenzi alifutisha kanda. Na mdomo wako nani aliufuta? Simu ilikuwa mezani pako.”

Wembe akauliza, “Na wako?”

“Wangu niliufunga kwa hasira. Sikulaumu peke yako.”

“Na nikikuuliza leo?”

“Leo nina mume, na hana kosa, hakumnyang’anya mtu. Saa saba anakunywa dawa, ananisubiri.” Akampangusa vumbi begani, polepole, bega la kwanza, kisha la pili. “Kwaheri, mpenzi.”

Akaondoka, na Wembe akabaki katikati ya uwanja akilitazama geti.

“Mzee!” dereva wa lori alipaza sauti. “Sogea, narudi nyuma!”

Akasogea. Akiamriwa kusogea, hakuwahi kuchelewa.