Vifungo Ndani ya Kopo

Kila alipotoka shuleni, Sindano hakwenda kucheza. Alipita moja kwa moja kwenye duka la baba yake, akasukuma mkoba chini ya meza ya kukatia, akanywa maji, kisha akaanza kuokota nyuzi sakafuni na kupiga pasi kola. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Wateja walisema shati likitoka mkononi mwake, hata mwenye kitambi huonekana mtanashati. Jina la Sindano alilitoa baba huyohuyo, kwa sababu ya wembamba wa binti yake na ulimi wake uliochoma.

Siku hizi ulimi huo ulikuwa umenyamaza. Nyuma ya marobota ya vitambaa palikuwa na kopo la maziwa lililojaa vifungo. Baba alikuwa akivikata kutoka kwenye nguo za wateja, nguo alizokwisha kuzishona vizuri kwa mikono yake mwenyewe. Alipotoka tu kwenda kujinyoosha chumba cha nyuma, Sindano alilitoa kopo, akatunga uzi, akavirudishia vyote mahali pake. Alijichoma, akanyonya kidole, akaendelea.

Baba alikuwa mgonjwa. Tangu mwaka uliopita alikuwa akisikia sauti za watu ambao hawakuwapo, nazo zilimtia hofu kubwa. Shangazi, aliyehamia kwao baada ya mama yake Sindano kufariki, alimpeleka hospitali. Huko daktari mmoja, mwanamke mpole mwenye miwani, aliwaeleza kuhusu utafiti. Walitaka kujua ni kiasi gani cha dawa fulani kinachomtuliza mgonjwa wa aina hiyo bila kumlemea. Atakayekubali angemeza dawa na kuulizwa maswali kila wiki, na ndugu wanaoishi naye wangeulizwa pia. Baba alisikiliza, akauliza aliyotaka kuuliza, akakubali.

Mwanzoni alipata nafuu, hata akaanza tena kupiga mluzi. Kisha siku moja Sindano alimkuta ameinamia shati jipya, mkasi mkononi.

"Hivi si vifungo, mama," alinong'ona. Ndivyo alivyozoea kumwita binti yake. "Ni macho. Yananitazama."

Wiki hiyohiyo, Kidomo, mwanafunzi mwenzake, alikuwa amemwambia Sindano habari za jengo la nyuma ya hospitali, lile lenye nondo madirishani. "Mtu akiingizwa mle hatoki! Mjomba wa jirani yetu aliingia, na mpaka leo hajarudi." Kidomo hakuwa amewahi kukanyaga hospitali hiyo, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Sindano aliamini kila neno. Akaona afadhali ashone mpaka vidole viote sugu kuliko baba yake kufungiwa mle.

Siku ya kwenda kliniki ilipofika, waliingia wote watatu katika chumba chenye meza, mzani na feni iliyolia kama imechoka na maisha.

"Fundi, wiki hii ilikuwaje?" daktari aliuliza. "Zile sauti bado zinakuja?"

Baba alilitazama koti jeupe la daktari, lenye vifungo vikubwa kutoka kifuani mpaka magotini. Akainamisha kichwa. "Sijambo," akasema kwa sauti ndogo.

Daktari akamgeukia shangazi, naye akasema, "Mimi natoka alfajiri kwenda kiwanda cha mikate, narudi jioni nimechoka hoi. Muulize huyu. Ndiye anayeshinda naye dukani."

"Haya, binti. Kuna kitu kimebadilika katika kazi ya baba? Kuna anachokiogopa?"

Sindano alijua vizuri kwa nini baba yake hainui macho. Hata hivyo akajibu, "Hakuna, daktari. Anafanya kazi vizuri tu. Leo amemaliza mashati ya kwaya, yote yako tayari."

"Yote? Vizuri sana!" Daktari alitabasamu. "Basi dawa inatosha. Tuendelee na kiasi hikihiki."

Sindano alitoka pale akidhani amemwokoa baba yake.

Siku chache baadaye alikuta mlango wa duka umefungwa mchana kweupe. Akausukuma. Ndani palikuwa giza, maana baba alikuwa ameziba dirisha kwa kitambaa. Mashati ya kwaya yalitapakaa sakafuni, hakuna lililobaki na kifungo hata kimoja. Baba alisimama katikati, jasho likimtiririka, ameshika ule mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa.

"Funga mlango," alisema. "Simama hapo. Usitikisike, mama. Jicho limekukaa shingoni."

Sindano alitaka kukimbia, lakini alibaki palepale. Alikuwa amevaa shati la shule, limefungwa mpaka juu. Baba alisogea. Ubaridi wa chuma uligusa ngozi chini ya kidevu cha Sindano. Aliona midomo ya baba yake ikitetemeka na macho yake yamejaa machozi. Kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba mwenye hofu kubwa zaidi mle dukani hakuwa yeye. Mkasi ukalia. Kifungo kikaanguka, kikabingirika chini ya cherehani.

"Baba," alisema kwa shida, "naogopa."

Baba alisita. Akamtazama binti yake, akautazama mkasi, na uso ukamsawijika. "Mkasi huu? Shingoni mwako?" Akauachia ukaanguka, akausukuma mbali kwa mguu. "Uondoe, mama. Upeleke nje. Nakuomba."

Sindano aliutoa nje mbio, akarudi akaichukua simu ya baba mezani. Namba ya daktari ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya cherehani. Simu ilipopokewa, alilia kwanza, kisha akasema, "Daktari, nilikudanganya."

Gari la hospitali lilikuja, likampitia shangazi kazini. Chumbani mwa daktari, Sindano alieleza yote: kopo, macho, uzi, mpaka maneno ya Kidomo. Daktari aliposikia habari ya vifungo, aliinuka taratibu, akavua koti lake, akalitundika nje ya mlango. Baba alishusha pumzi ndefu. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kusema. Alisema mengi, kwa sauti iliyokwaruza.

"Baba atalazwa kwa muda," daktari alisema baadaye. "Njoo uone mwenyewe atakapokaa."

Sindano alimshika shangazi mkono kwa nguvu walipokaribia lile jengo. Nondo zilikuwapo kweli. Ndani alikuta vitanda vilivyotandikwa, wanaume wawili wakibishana juu ya mchezo wa drafti, na muuguzi aliyecheka alipoulizwa kuhusu mjomba wa jirani wa akina Kidomo.

"Yule? Alipona, akapata kazi mji mwingine. Angerudije kwa majirani, na kazi iko huko?"

Shangazi alicheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Niliogopa watamchukua."

Daktari aliinama mpaka macho yao yakawa sawa. "Ulifanya kwa mapenzi, nalijua hilo. Lakini kila kifungo ulichorudishia kilinizuia kuuona ugonjwa. Nikaacha dawa iwe ndogo wakati ilihitaji kuongezwa. Na si baba yako tu. Utafiti wetu umejengwa juu ya majibu yenu. Tungeandika kwamba kiasi kile kinatosha, kesho daktari mwingine angempa mgonjwa wake kiasi hichohicho, na mtoto mwingine angesimama mbele ya mkasi. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa, hauna aibu. Tuambie ulivyo, ndipo tutautibu. Na jambo zito kama hili, usilibebe peke yako tena."

Baba alikaa hospitalini mpaka sauti zikafifia. Aliporudi, kazi yake ya kwanza haikuwa ya mteja. Alilirudishia lile shati la shule kifungo chake cha shingoni, polepole, Sindano akiwa amekaa kando yake.

Walipokwenda tena kliniki, koti la daktari lilikuwa limetundikwa nje. "Haya, binti," aliuliza, "wiki hii baba aliendeleaje?"

"Analala. Anapiga mluzi tena, ingawa anakosea wimbo." Sindano akamtazama baba yake.

Baba akamshika bega. "Mwambie na la jana, mama."

"Jana," alisema Sindano, "alikishika kifungo kimoja muda mrefu, akaniuliza kama kinamtazama. Nikamwambia hapana."

"Nami nikakishona," alisema baba.