Marehemu Aliyepiga Chafya

"Kati yenu wawili, ni nani aliyeniua?"

Mzee Kituyi hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua nani kaacha mlango wazi, akaweka kofia yake gotini, akangoja. Nyuma ya pazia, binti yake Nangila alikuwa ameshika sinia ya vikombe vya chai. Akaiweka sakafuni kabla vikombe havijagongana na kumchongea.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, mwaka wa hamsini na moja, chumbani kwa shangazi yake Tryphosa, lokesheni ya Eldoret, mtaa wa Waafrika. Mzee alikuwa ametoka Turbo, ambako alikuwa nyapara kwenye shamba la mahindi la mzungu mmoja, na alikuja kusikiliza posa. Waliokuja kuposa walikuwa wawili: Wasike, karani wa stoo ya mahindi karibu na stesheni, na mjomba wake Wamalwa, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kusema.

"Mzee," Wamalwa akajibu polepole, "sisi tumekuja kutafuta mke. Hatujaua mtu. Na wewe tunakuona mzima."

"Mnaniona mzima. Lakini kule Turbo watoto wananiita marehemu. Nikipita shambani wanaimba. Nikiingia kanisani, mimi mzee wa kanisa, akina mama wanafunika midomo. Mke wangu alikaa siku mbili bila kula na mimi meza moja. Mtu hai akiitwa marehemu kila siku, kifo si kitasikia na kushika njia?" Akawatazama mmoja mmoja. "Hiyo wimbo ilitoka hapa mjini. Nikaambiwa mwenye kuiimba ni karani mmoja mrefu, Wasike. Sasa hapa naona mrefu ni mmoja."

Kupitia tundu la pazia, Nangila alimwona Wasike akifunika mfuko wa koti kwa mkono. Jana tu kijana alikuwa amempelekea barua fupi: *Kesho nakuja na mjomba. Gitaa nitaliacha nyumbani, wazee hawapendi. Ukisikia baba yako anakohoa usiogope, nitakuwa nimejipanga.* Maskini, alikuwa amejipanga kwa kila swali isipokuwa hilo.

Tusimlaumu. Jumamosi moja kila mwezi lori la sinema la serikali lilikuja uwanja wa mpira wa lokesheni, likafunga shuka jeupe kati ya nguzo mbili, na watu wakaona maajabu. Ng'ombe aliingia kwenye josho akiwa mweusi akatoka mweupe. Jambazi alianguka kabla bastola haijalia. Picha hazikuwa na sauti. Bwana mmoja mwenye kipaza sauti ndiye aliyeeleza, naye mara nyingi alieleza picha ya mwezi mwingine. Wasike alizipenda picha mbovu kama wengine wanavyopenda nyama. Kila alipoona moja aliitungia wimbo, na kufikia Jumatano lokesheni nzima ilikuwa inauimba. Wengine walikuja kuangalia sinema ili tu wauelewe wimbo.

Ndipo ikaja picha ya mtu aliyekataa kuchimba choo. Anaugua, anakufa, daktari anamfunika, analazwa sandukuni. Fundi anainua nyundo, na marehemu anapiga chafya. Wenye picha hawakujali, mazishi yakaendelea. Uwanja ulicheka mpaka watu wakakaa chini. Wasike hakujua yule mzee wa sandukuni ni nani. Alikuwa hajamwona baba ya Nangila hata siku moja.

Nangila alijua.

"Iimbe," Mzee Kituyi akasema.

"Mzee?"

"Hiyo wimbo. Umewaimbia watu wote isipokuwa mwenyewe. Nami nisikie."

"Sina gitaa, Mzee."

"Mdomo unao."

Wasike akasimama. Sauti iliyozoea kutikisa baraza za lokesheni ilitoka nyembamba:

*Marehemu lala chini, sinema haijaisha,*
*Daktari ameandika, roho yako imekwisha,*
*Mbona unapiga chafya, sanduku unatingisha?*
*Marehemu lala chini, watoto unawatisha.*

Shangazi Tryphosa aliinamisha kichwa ghafla na kuanza kutafuta kitu kisichokuwepo chini ya kiti. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Endelea. Kuna ubeti wa pili."

"Mzee, nadhani inatosha."

"Mimi ndiye nitakayesema inatosha."

Nangila aliuma ukingo wa leso yake. Ule ubeti wa pili, Mungu wangu.

*Akashika pua yake, akasema "Bado nipo,"*
*Fundi nyundo akashusha, kama mzee hayupo...*

"Simama hapo." Mzee aliinua kidole kimoja. "Hiyo picha ina sauti?"

"Haina, Mzee."

"Watu walisikia nikisema chochote?"

"Hapana, Mzee."

"Basi nielezee. Mimi tangu ujana nikipiga chafya, nashika pua hivi, nasema 'Bado nipo.' Baba yangu alisema hivyo, na baba yake. Si neno la barabarani, linasikika nyumbani kwangu tu. Limefikaje kwa wimbo yako?"

Wasike hakugeuka, lakini Nangila aliona macho yake yakitambaa taratibu mpaka kwenye pazia, na akajua kwamba ameelewa. Ameelewa lile neno lilitoka nyumba gani, na ameelewa kwa nini yeye Nangila, siku ya kutunga wimbo ule, alichukua kalamu mkononi mwa Wasike na kuandika mstari ule kwa mwandiko wake mwenyewe, akisema, "Weka hii, itachekesha." Karatasi yenyewe Wasike alikuwa nayo ndani ya mfuko wa koti. Angeitoa tu, angekuwa salama.

"Nilibuni, Mzee," Wasike akasema.

"Ulibuni."

"Ndiyo."

"Ukabuni neno la babu yangu."

"Ilitokea tu."

"Kijana, nisikilize vizuri. Nyumbani kwangu kuna mtu ananicheka halafu anakula na mimi. Nataka jina lake. Ukinitajia, tutaendelea na posa kama watu. Usiponitajia, mimi sitampa mtoto wangu mwongo."

"Taja, mwana," Wamalwa akanong'ona, sauti ikisikika chumba kizima. "Hiyo jina ni ya nani mpaka ukose mke?"

"Hakuna jina, Mjomba. Ni mimi peke yangu."

"Wasike."

"Ni mimi."

Mzee Kituyi akachukua kofia yake. "Basi tumemaliza. Tryphosa, asante kwa kiti."

Kwa kina Kituyi msichana haingii posa yake inapozungumzwa. Akiingia bila kuitwa, wazee huhesabu kwamba amemkataa mwanamume, na habari huishia pale pale. Nangila alilijua hilo tangu akiwa mtoto. Alijua pia kwamba baba yake akishavaa kofia haivui. Akitoka nyuma ya pazia, amempoteza Wasike kwa desturi ya wazee. Akibaki, amempoteza kwa uoga wake mwenyewe, na hilo la pili angezeeka nalo.

Akasukuma pazia.

"Nangila," shangazi akasema, "rudi ndani."

"Ni mimi, Baba."

Mzee alisimama na kofia hewani.

"Hilo neno nilimpa mimi. Yeye hakujua huyo mtu ni wewe. Karatasi iko kwa mfuko wake, mwandiko ni yangu. Amesimama hapo anajichoma ili nisichomeke mimi."

"Umeingia," baba yake akasema. "Unajua maana yake?"

"Najua. Hesabuni mnavyotaka, lakini mimi sijamkataa."

"Kwa hiyo ni wewe unayenicheka."

"Ndiyo. Lakini nilianza na kulia."

"Kulia nini?"

"Baba, ilikuwa miezi mitatu sijapata neno kutoka Turbo. Hakuna barua, hakuna mtu. Naenda uwanjani kuangalia sinema, naona wewe umelala kwa sanduku. Daktari anakufunika uso. Mimi sikujua kama umeigiza, hukuwahi kutuambia. Nilidhani umekufa na wazungu wakapiga picha." Akamsogelea baba yake hatua moja. "Nilikuwa nimeshaanza kuinuka nipige kelele. Halafu ukapiga chafya, ukashika pua. Nikaona midomo yako inasema 'Bado nipo.' Watu wote walicheka picha. Mimi nilicheka kwa sababu ulikuwa hai. Sikuweza kumwambia mtu, kwa maana ni siri yako. Nikaandika tu hilo neno, ili nilisikie tena."

Nje, mtoto wa jirani alikuwa anaimba ule ule wimbo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Mzee Kituyi akakaa. Akazungusha kofia vidoleni mara mbili, kisha akamtazama Wasike.

"Umenidanganya."

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa ajili ya huyu."

"Ndiyo."

"Uwongo ya namna hiyo nasamehe mara moja. Mara moja tu."

"Nimesikia, Mzee."

"Sasa sikia na hili. Hiyo wimbo yako ina makosa."

Wasike akajikuta anapapasa mfuko akitafuta kalamu, kama anavyofanya mtunzi yeyote akiambiwa hivyo. "Makosa gani?"

"Unaniimba kama mzee mjinga aliyeshikwa na mafua. Sikuwa na mafua, wala hapakuwa na vumbi siku hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha." Mzee alishusha pumzi. "Wapiga picha walipokuja, mzungu mwenye shamba alisema, Kituyi, lala hapo ndani. Nikalala. Nyapara akikataa, watoto wake watalala wapi? Nikafunikwa, nikanyamaza. Lakini fundi alipoinua nyundo nikasema moyoni, hapana. Mtu mzima hafungiwi kwa sanduku kimya kimya kama kuku wa soko. Nikavuta pumzi, nikaipiga hiyo chafya kwa nguvu yangu yote. 'Bado nipo' nikaisema kwa sauti, mpaka mwenye mashine ya picha akatukana. Nilitaka kuharibu picha yao. Nilidhani wataitupa na mtu hataniona hapo ndani."

"Na hawakuitupa," Wamalwa akasema.

"Hawakuitupa. Wakaizungusha kila mahali."

Shangazi Tryphosa, aliyekuwa amevumilia tangu ubeti wa kwanza, alishindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Wamalwa akafuata. Mzee Kituyi aliwaangalia kwa hasira, kisha pembe ya mdomo wake ikamsaliti.

"Nitaibadilisha, Mzee," Wasike akasema.

"Utaibadilisha. Na utaiimba siku ya arusi, na gitaa, mimi nikiwa nimekaa kiti cha mbele. Mtu akiimbwa naye yupo anasikia, huyo si marehemu." Akamgeukia binti yake, na sauti yake ikawa ya chini. "Na wewe, wakati ujao usipopata barua, panda lori uje uniangalie. Usingoje sinema."

"Ndiyo, Baba."

"Chai iko wapi?"

Wakafunga ndoa Desemba, kanisa la lokesheni, watu wakajaa mpaka madirishani, nusu yao wakingojea wimbo. Nangila alisimama kando ya Wasike akiwa amevaa gauni aliloshonewa na shangazi. Nyuma yao, kiti cha mbele, baba yake alikaa wima ndani ya koti jipya, na mama yake kando yake.

"Kama kuna mtu," mchungaji akasema, "anayejua sababu ya hawa wawili kutofunga ndoa, aseme sasa."

Kanisa likatulia.

Chafya ikalipuka kutoka kiti cha mbele.

Mchungaji akafunga kitabu nusu. Mama ya Nangila akampiga mzee kiwiko. Mtu mmoja dirishani akaanza kucheka, akazibwa mdomo. Kama ilikuwa vumbi au ilikuwa makusudi, Nangila hakujua siku ile, na mpaka leo akiulizwa anasema hajui. Aligeuka akamwona baba yake anashika pua kwa vidole viwili, taratibu, mbele ya watu wote.

"Bado nipo," Mzee Kituyi akasema. "Endelea, Mchungaji."