Dawa ya Lawama

Rafiki yangu mmoja, fundi wa kuchomelea, alikuwa na kanuni na mwenzake: aliye ndani ya tangi akigonga mara tatu, wa nje amvute kwa kamba. Siku mwenzake alipogonga, fundi alikuwa amekwenda kunywa chai.

Tangu mazishi, sauti ya marehemu ikawa inamuuliza kila asubuhi, "Chai ilikuwa tamu?" Daktari akampa vidonge, sauti ikakatika.

"Siku hizi hata lawama ina dawa," fundi alisema, bila kucheka.

Usiku mmoja alifuata vidonge vingine hospitalini. Umeme ukakatika, ukumbi ukawa giza totoro. Dada wa dirisha la dawa akasita.

"Kaka, nani huyo anagonga chuma? Mara tatu, anatulia, halafu tatu tena."

Fundi akatega sikio. Yeye hakusikia kitu.